Ndevu za kipilipili: jinsi ya kunyoa kwa povu na wembe mmoja bila kuumiza ngozi

SWALI

Daktari, nina miaka 24, naishi Morogoro. Nimepata kazi ya ulinzi katika kampuni isiyotaka mlinzi aingie zamu akiwa na ndevu. Ndevu zangu ni ngumu na zimejikunja sana. Kila asubuhi nanyoa kwa zile nyembe za plastiki zenye makali matatu, napitisha juu na chini mpaka kidevu kinang'aa. Baada ya siku mbili shingo yote inajaa vipele. Vingine vina usaha, na vikipona vinaacha madoa meusi. Kinyozi wa mtaani hunipaka spiriti. Inawasha sana, lakini vipele vinarudi palepale. Kuna mzee kazini anayenyoa kwa brashi, sabuni ya povu na wembe wa kawaida wa makali mawili, na ngozi yake ni safi. Amenishauri nijifunze kunyoa kama yeye. Je, itanisaidia? Nianzie wapi?

Msomaji, Morogoro

JIBU

Kijana wangu, hongera kwa kazi. Mzee huyo amekushauri vizuri. Lakini kabla hujaenda kununua brashi, kuna jambo moja lazima ulikubali, maana usipolikubali hakuna kifaa kitakachokusaidia. Kwa ndevu za aina yako, kidevu kung'aa si dalili ya kunyoa vizuri. Huko kung'arisha ndiko kunakokuletea vipele.

Vipele vinatoka wapi

Udevu wa kipilipili haukui ukiwa umenyooka. Tundu unamoota limepinda chini ya ngozi, kwa hiyo udevu unatokeza nje ukiwa tayari umeanza kujikunja. Ukiukata kwa wembe, ncha yake inabaki kali. Ndani ya siku mbili tatu udevu huo unakua kidogo, unajipinda kama ndoana na kuichoma ngozi pembeni ya pale ulipotokea.

Njia ya pili ndiyo inayosababishwa zaidi na nyembe zenye makali mengi. Makali ya kwanza yanauvuta udevu juu, yanayofuata yanaukata, kisha kisiki kinarudi chini ya usawa wa ngozi. Kikianza kukua tena, kinatoboa ukuta wa tundu lake kabla hakijafika nje. Kuivuta ngozi kwa vidole wakati wa kunyoa na kupitisha wembe kinyume cha ndevu zinavyolala kunaleta madhara hayohayo.

Mwili ukikutana na udevu ndani ya nyama, unaushambulia kama unavyoushambulia mwiba. Hapo ndipo panapovimba, panapouma na pengine kutunga usaha. Kwa hiyo usaha huo si lazima uwe umeletwa na vijidudu, na ndiyo sababu spiriti ya kinyozi haikuponyi. Spiriti inaua vijidudu vya juu ya ngozi. Udevu uliojichoma ndani haiugusi. Inachokuachia ni ngozi kavu iliyoungua.

Nataka pia uelewe kwamba vipele hivi si uchafu, haviambukizi, wala si dalili ya ugonjwa wa zinaa. Nalisema hili kwa sababu nimeona vijana wakijificha kwa aibu, na wengine wakipewa majina mabaya. Ni tatizo la umbo la nywele, na linawapata wanaume wengi sana weusi wanaonyoa karibu na ngozi. Hata wanawake wenye ndevu kidevuni, na watu wanaonyoa kwapa na kinena, hulipata.

Pumzisha ngozi kwanza

Usianze kujifunza juu ya shingo yenye vidonda. Acha wembe kwa wiki nne angalau. Katika kipindi hicho punguza ndevu kwa mashine ya umeme iliyovalishwa kichana, ili ibakize kama milimita moja. Ndevu nyingi zilizonasa zitajinyanyua zenyewe kadiri zinavyorefuka.

Jioni, weka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu shingoni kwa dakika chache, kisha zungusha mswaki laini juu ya ngozi, taratibu, bila kukwangua. Mswaki huo uwe wa kazi hiyo tu. Ukiona udevu umejikunja juu ya ngozi na ncha zote mbili ziko ndani, unaweza kuunyanyua kwa sindano iliyofutwa kwa spiriti. Unyanyue tu, usiung'oe. Udevu uliong'olewa huota upya kutoka chini, na unaweza kunasa tena njiani. Kama udevu hauonekani, usichimbe.

Vifaa vya kuanzia

Unahitaji vitu vichache: mpini wa chuma unaoshika wembe wa makali mawili, pakiti ya nyembe, brashi ya kunyolea na sabuni ya kunyolea. Wembe huo si kitu kigeni. Ni uleule unaouzwa dukani mtaani kwako. Mmarekani King C. Gillette alipewa hataza ya mpini na wembe wa namna hiyo mwaka 1904, na umbo lake limebadilika kidogo sana tangu hapo. Ndiyo maana karibu wembe wa chapa yoyote unaingia kwenye mpini wowote. Chagua mpini ambao makali yanachungulia kidogo tu pembeni.

Faida yake kwako ni kwamba ngozi inapitiwa na makali mamoja kwa wakati mmoja. Udevu unakatwa karibu na usawa wa ngozi, bila kuvutwa na kuzamishwa chini.

Sabuni iwe ya kunyolea kweli, isiyo na manukato makali. Sabuni ya mche ni ya kufulia na inakausha ngozi, na sabuni ya kuogea povu lake linakauka kabla hujamaliza shavu moja. Brashi ina kazi mbili: inatengeneza povu zito, na inazinyanyua ndevu zilizolala. Ukimaliza, isuuze na uiache ikauke mahali penye hewa. Brashi, mpini na wembe havichangiwi na mtu yeyote, hata ndugu yako wa tumbo moja.

Siku ya kwanza

Siku moja kabla, ndevu zikiwa zimeota kidogo, pitisha vidole usoni na shingoni. Upande ambao vidole vinateleza bila kukwaruzwa ndiko ndevu zinakolala. Mashavuni mara nyingi zinaelekea chini. Shingoni zinaweza kulala kwenda pembeni, au hata kwenda juu, na upande wa kulia usifanane na wa kushoto. Zijue vizuri, kwa sababu kila utakapopitisha wembe utafuata huko zinakolala.

Nyoa baada ya kuoga. Udevu mkavu ni mgumu sana kukata, lakini ukilowa maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu unalainika na wembe hauhitaji nguvu. Huhitaji bomba la maji moto. Beseni na kitambaa kilicholoweshwa vinatosha. Kisha zungusha brashi yenye maji kidogo juu ya sabuni mpaka povu liwe zito kama maziwa mgando, na ulipake kwa kuzungusha. Liache dakika moja kabla ya kugusa wembe.

Anza na mashavu, ambako ngozi imetulia. Kidevu na shingo ziache mwisho, ili ndevu za huko zizidi kulainika chini ya povu.

Kosa la karibu kila anayeanza liko kwenye pembe ya wembe. Laza kichwa cha mpini juu ya shavu, mpini wenyewe ukiwa umechomoza mbali na uso. Sasa ushushe mpini polepole mpaka usikie makali yanaanza kugusa ndevu. Hapo umefika kwenye nyuzi kama 30, na hiyo ndiyo pembe ya kushikilia mpaka mwisho. Shika mpini karibu na ncha yake ya chini, kwa vidole, usiukumbatie kwa ngumi. Uzito wa chuma unatosha kukata. Usikandamize hata kidogo, hasa kama mkono umezoea nyembe za plastiki, ambazo watu huzigandamiza usoni.

Pitisha kwa vipande vifupi, kama sentimita mbili kila kimoja, na suuza wembe kila mara. Usiivute ngozi kwa mkono wa pili. Mahali povu lilipokwisha, wembe usirudi mpaka upake tena.

Pitisha mara moja tu, halafu acha. Ukipapasa utasikia ukwaruzaji kidogo, na mtu akisogea karibu ataona kivuli chepesi cha ndevu. Hapo ndipo panapokufaa. Yule mzee wa kazini kwako anaweza kurudia mara ya pili na ya tatu, pengine kwa sababu ndevu zake hazijikunji kama zako. Wewe kipimo chako kisiwe ulaini wa kidevu asubuhi hiyo. Kiwe hali ya shingo yako baada ya siku mbili. Ikipita miezi miwili bila vipele na kazini wakataka zaidi, paka povu upya na upitishe wembe kwa kukingama. Kinyume cha ndevu usiende kabisa.

Ukimaliza, suuza kwa maji baridi, kausha kwa kugusagusa kwa taulo safi, na upake losheni isiyo na manukato. Ukijikata kidogo, bonyeza kwa kitambaa safi, au lowesha kipande cha shabu na ukigandamize hapo, damu itasimama. Spiriti huihitaji.

Kwa wiki za mwanzo nyoa kila baada ya siku mbili au tatu. Ndevu ngumu zinaumaliza wembe haraka, hivyo ubadilishe baada ya kunyoa mara tatu au nne, na mapema zaidi ukianza kukwaruza. Uliotumika utie kwenye kopo lenye kifuniko. Ukitupwa ovyo kwenye taka utamkata mtoto au mzoa taka.

Kwa kinyozi

Ukilazimika kunyolewa nje, wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu kwa siku saba au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuambukiza. Kuupangusa wembe wa mteja aliyetangulia kwa spiriti hakukulindi. Na kama hujapata chanjo ya ugonjwa huo, ulizia hospitali.

Krimu za kujitibu

Hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Vijana wengi wakiona vipele wanakwenda duka la dawa na kurudi na krimu moja iliyochanganywa dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali. Vipele vinatulia kwa siku chache, halafu vinarudi, na steroidi ikitumika kwa muda mrefu inaikondesha ngozi na kuiharibu. Wengine wanayafuata madoa meusi kwa mkorogo. Nakusihi usiuguse. Vipele vikikoma, madoa yanafifia yenyewe katika miezi kadhaa, wakati madhara ya mkorogo yanaweza kubaki nawe maisha.

Kama daktari au mfamasia ataona inafaa, dawa yenye benzoili peroksaidi asilimia 5 ikipakwa kidogo sana usiku husaidia wengi. Ujue tu kwamba inachujisha rangi ya mto na fulana.

Nenda hospitali usijitibu iwapo vipele vinauma sana, vinatoa usaha mwingi au vinaambatana na homa. Iwapo yametokea mabaka ya duara yenye magamba, ambayo yanaweza kuwa fangasi. Au iwapo makovu yanavimba na kuzidi kukua. Mwenye makovu ya namna hiyo, au ambaye ndugu zake wa damu wanayo, asinyoe kwa wembe. Mgonjwa wa kisukari naye asichelewe. Wataalamu wa ngozi tunao: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu mwaka 1992. Omba rufaa kutoka hospitali iliyo karibu nawe.

Usipofanikiwa

Ukifuata haya yote kwa wiki sita na shingo bado inatoka vipele, basi wembe wa aina yoyote haukufai, na si kosa lako. Rudi kwenye mashine inayobakiza milimita moja na uifanye njia yako ya kudumu. Mwombe daktari akuandikie barua ya kueleza hali yako, umpelekee msimamizi wako mapema, kabla hajakuuliza. Iombe barua hiyo hata sasa, kwa ajili ya wiki nne za mapumziko. Mwajiri ana haki ya kutaka mlinzi nadhifu, na ndevu fupi zilizopunguzwa vizuri ni unadhifu. Shingo yenye vidonda kila asubuhi haimfaidishi yeye wala wewe.