Kufundisha Kwa Nini Kadi ya Mawasiliano Hukataa Kufunguka

Miongoni mwa maswali ambayo wanachuo hurudi nayo kutoka katika mazoezi ya kufundisha, lipo moja ambalo halikosekani. Faili lenye kadi za mawasiliano limebonyezwa, na badala ya majina na namba za simu, kompyuta imeonyesha maandishi yasiyoeleweka, au imeuliza itumie programu gani, au imeita programu isiyohusika kabisa. Mtu asiyejua sababu hudhani kwamba faili limeharibika, akalifuta. Hili si jambo dogo. Mwalimu mkuu anayehama yamkini ameacha namba za wazazi wote katika faili moja la namna hiyo. Likifutwa, siku mtoto atakapoanguka kwa homa darasani hatajulikana wa kupigiwa simu.

Kadi hiyo, kwa asili yake, ni maandishi matupu. Muundo wake ulitungwa katikati ya miaka ya 1990 na umoja wa makampuni ulioitwa Versit, ambamo zilikuwamo Apple, AT&T, IBM na Siemens. Toleo la 2.1 lilitoka mwaka 1996, la 3.0 mwaka 1998, na la 4.0 mwaka 2011. Katika matoleo hayo yote kadi huanza kwa mstari BEGIN:VCARD na kuishia kwa mstari END:VCARD. Kati ya mistari hiyo miwili, VERSION hutaja toleo, FN hutaja jina kamili, na TEL hutaja namba ya simu. Faili moja laweza kuchukua kadi moja, au mia tatu zilizofuatana kama majina katika rejesta ya darasa.

Sasa, kompyuta inayotumia Windows, faili linapobonyezwa, hailichungulii ndani ili ijue ni la aina gani. Hutazama jina lake tu, tena herufi zile zinazofuata nukta ya mwisho. Sisi tulio walimu wa lugha tunaweza kuziita kiambishi tamati: kama vile -aji katika neno msomaji huonyesha mtu mwenye kazi yake, ndivyo .vcf huonyesha kwamba faili ni kadi ya mawasiliano. Baada ya kukisoma kiambishi hicho, kompyuta huangalia katika orodha yake ya ndani ni programu ipi iliyopangiwa mafaili ya aina hiyo, kisha huiita. Kwa hiyo kasoro yaweza kuwa katika orodha, au katika jina, na kadi zenyewe zikawa nzima kabisa.

Jambo hili lafaa lifundishwe kwanza bila kompyuta, hata pale ambapo kompyuta ipo. Katika shule yenye mashine moja na wanafunzi 60, kipindi cha dakika 40 hakitoshi kila mmoja kuigusa, na wanaotazama kwa mbali hukariri mibonyezo wasiyoielewa. Tunapendekeza mchezo wa mjumbe. Mwalimu atayarishe bahasha kumi hivi, kila moja ikiwa na alama pembeni: VCF, TXT au JPG. Ndani ya bahasha za VCF aweke kadi za watu wa kubuni. Asitumie kamwe namba za wazazi wa kweli. Ubaoni achore jedwali linaloonyesha kila alama ipelekwe kwa nani: VCF kwa Karani, TXT kwa Msomaji, JPG kwa Mchoraji. Wanafunzi watatu washike kazi hizo, na wa nne awe mjumbe. Sharti la mjumbe ni moja tu: haruhusiwi kufungua bahasha.

Mzunguko wa kwanza utakwenda vizuri. Katika wa pili, mwalimu afute neno Karani mbele ya VCF na kuandika Mchoraji. Mchoraji atafungua bahasha na kulalamika kwamba hii si picha, na darasa litacheka. Hapo ndipo penye somo, na mwalimu asipapite haraka. Aulize: barua imechanika? Mjumbe amekosea? Basi kosa li wapi? Wanafunzi wa darasa la tano wanaweza kujibu wenyewe kwamba kosa limo ubaoni. Katika mzunguko wa tatu jedwali lirudishwe sawa, lakini bahasha moja ya VCF iongezewe alama ya TXT mwishoni. Msomaji ataisoma kwa sauti, pamoja na BEGIN na END zake, sawasawa na programu ya Notepad inavyofanya. Katika wa nne, nafasi mbele ya VCF iachwe tupu. Mjumbe atasimama na kuuliza ampelekee nani. Swali hilo ndilo linaloulizwa na kompyuta.

Baada ya hapo kazi ya mashine ni fupi. Ili kuirekebisha orodha, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Open with”, kisha chagua kuonyeshwa programu nyingine, na uteue inayoshughulika na anwani, kama vile Outlook. Ndipo uthibitishe kwamba itumike daima. Notepad nayo yafaa sana kwa kuchungulia kama BEGIN:VCARD imo, lakini itumiwe kwa mara moja tu. Ukiithibitisha kwa daima, kila kadi itakuja kama maandishi, nawe utakuwa umeandika jina la Msomaji mbele ya VCF.

Kasoro ya jina hujificha zaidi, kwa kuwa Windows kwa kawaida haionyeshi viambishi inavyovijua. Faili linaloonekana kama wazazi.vcf huenda kwa kweli likawa wazazi.vcf.txt. Hapana budi kuagiza viambishi vionyeshwe, katika sehemu ya “View” ya dirisha la mafaili, ndipo .txt iondolewe. Agizo hilo hufichua pia hila ya wahalifu wanaotuma programu yenye madhara kwa jina linaloishia .vcf.exe. Tena, wataalamu wa jenetiki hutumia kiambishi hichohicho cha .vcf kwa mafaili yao ya tofauti za vinasaba, ambayo hayahusiani hata kidogo na simu. Ni jambo la kuwachekesha wanachuo, lakini laonyesha jinsi alama ya nje isivyotosha.

Yabaki onyo moja. Outlook ya kompyuta, ikipewa faili lenye kadi nyingi, huingiza ile ya kwanza peke yake bila kulalamika, na mtu akaondoka akidhani kazi imekwisha. Faili la wazazi wote ni afadhali liingizwe katika simu ya Android au katika Google Contacts, ambazo hupokea kadi zote kwa pamoja. Kisha mwalimu ahesabu: faili lifunguliwe kwa Notepad, mistari ya BEGIN:VCARD ihesabiwe, na idadi yake ilinganishwe na majina yaliyoingia. Faili la asili lisifutwe kabla hesabu hizo mbili hazijalingana.