Kama wagombea wote ni wabaya, nichague nani?

Swali hili tunalisikia sana kambini. Tukumbuke duru ya pili ya tarehe 29 Oktoba 2006. Walibaki wawili: Joseph Kabila, rais tangu 2001, na Jean-Pierre Bemba, aliyeongoza MLC wakati wa vita. Aliyepoteza ndugu zake vitani alikuwa na haki ya kuuliza: nikimchagua mmoja wao, sijabariki damu?

Mimi naona hapana. Anayechagua ubaya mdogo habebi makosa yote ya mtu yule. Lakini kama alimpa kura kwa sababu ni mtu wa kwao, au kwa kitenge cha bure, hapo hana la kujitetea.

Tena siku ile kulikuwa na karatasi nyingine, wengi wameisahau: ya wabunge wa jimbo. Ndio waliochagua maseneta na magavana mwaka 2007. Aliyebaki nyumbani kwa kuwachukia wale wawili aliiacha na hiyo. Angeweza kuacha karatasi ya rais tupu, akachagua mbunge anayemjua kwa matendo.

Kwa mazungumzo: wabunge mliowachagua, nani kati yenu amewahi kuwauliza walichofanya?