Somo: Kikundi cha Kata cha Kusaidia Familia za Watoto Wenye Saratani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 wenye umri usiozidi miaka 19 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 kati ya kila 100 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, hupona chini ya 30. Tofauti hiyo haitokani na dawa peke yake. Watoto wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, na wengine huacha matibabu kabla hayajakamilika.

Nchini Tanzania, shirika la Tumaini la Maisha, lililoanzishwa mwaka 2011, hushirikiana na Hospitali ya Taifa Muhimbili kuwatibu watoto hao bila malipo, na husaidia familia kupata malazi wakati wa matibabu. Hata hivyo, upo mzigo usioweza kubebwa kutoka Dar es Salaam.

Kutoka Lukuledi hadi Muhimbili ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Saratani ya damu iliyo ya kawaida kwa watoto huhitaji matibabu ya miaka miwili hadi mitatu. Katika kipindi hicho mama yuko wodini, wadogo wa mgonjwa wamebaki nyumbani, na korosho zinaanguka shambani pasipo mwokotaji. Mzazi asiyeona msaada hulazimika kuchagua kati ya mtoto mmoja na mkate wa wengine. Akirudi nyumbani kabla ya wakati kwa kuwa uvimbe umepungua, ugonjwa hurejea, na mara nyingi huwa mgumu zaidi kutibika.

Kazi ya kikundi cha kata, basi, ni kumwezesha mtoto kufika mapema na kubaki katika matibabu hadi mwisho. Wakazi wanaokusudia kukianzisha wafuate hatua hizi:

1. Waitishe mkutano wa waanzilishi, waandike muhtasari na orodha ya waliohudhuria, na wachague mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

2. Waandae katiba fupi inayoeleza lengo, masharti ya uanachama, viwango vya michango na namna ya kumwondoa kiongozi.

3. Wamwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa mwongozo wa usajili wa kikundi katika halmashauri.

4. Wafungue akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na wasome mapato na matumizi mbele ya wanachama.

5. Wapange michango kufuata msimu. Mkulima huchangia kwa wepesi fedha za korosho zinapolipwa, na safari ya mgonjwa huweza kutokea Machi.

Si kila msaada ni fedha. Wanachama wanaweza kupeana zamu za kupalilia shamba la familia, kuokota korosho zake, kuwalisha watoto waliobaki na kumkumbusha mzazi tarehe ya kurudi kliniki. Picha au habari za mgonjwa zisitumiwe kuchangisha bila ridhaa ya wazazi wake.

Wanachama pia wajifunze dalili za hatari: mboni ya jicho inayong'aa nyeupe, uvimbe tumboni, shingoni au kwenye taya, homa isiyoisha, weupe wa viganja, na michubuko isiyo na sababu. Dalili hizo zaweza kuwa za maradhi mengine, lakini zote zahitaji uchunguzi. Saratani haiambukizi, wala si laana iliyoletwa na jirani. Mtoto apelekwe kwanza zahanati au kituo cha afya, ambako atapewa rufaa inayostahili.

Haba na haba hujaza kibaba. Nauli iliyopatikana wiki hii, badala ya baada ya mavuno, yaweza kuwa ndiyo iliyomfikisha mtoto hospitali angali anatibika.