Dondoo muhimu: Kinyesi cha ndege, lowanisha kwanza

Musoma, kwenye mialo ya samaki, korongo hawakosi. Bunda na Butiama njiwa ndio wenye mabati.

Usifagie kinyesi kikavu. Vumbi lake huweza kubeba kuvu wanaoingia mapafuni, na mmoja wao, kriptokokasi, huweza kufika hadi kwenye utando wa ubongo wa mtu mwenye kinga dhaifu. Anayeishi na VVU, mjamzito na mtoto wasipewe kazi hii.

Vaa barakoa, glavu na viatu vya kufunika. Mwagia maji ya sabuni taratibu, subiri kilainike, kisha kwangua na ukifukie au ukitie kwenye mfuko na kuufunga. Sakafu imalizie kwa jiki: kipimo 1, maji vipimo 9. Jiki usiichanganye kamwe na dawa ya choo. Moshi wa mchanganyiko huo ni sumu.

Paa ndilo husahaulika, na ndilo linalojaza simtanki! Safisha gata kabla ya vuli, ukichomoa kwanza bomba la kuingizia maji. Mvua ya kwanza iachie imwagike. Maji ya kunywa chemsha, hata yakionekana meupe.

Kikohozi na homa vikifuata, mwambie daktari ulisafisha nini.