Ada Isiyo na Mwisho: Mafunzo Sita Niliyopata kwa Mawakili

Huku kwenye dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, mwenye shamba, mwenye leseni na mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, wakishindwana kwenye mgawo, huishia mahakamani. Mimi ni mwenye shamba. Kesi yangu ilipofika Mahakama Kuu Shinyanga, kila simu ya wakili wangu ilikuwa ya kuomba hela: mara nauli, mara ya kufuatilia faili. Nikaachana naye, nikaweka mwingine. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Mgawo hukubaliwa kabla ya kushuka. Kwenye duara hakuna anayengoja viroba vya mawe vipande juu ndipo aulize chake ni vingapi. Ada ya wakili nayo iandikwe mapema: ni ya kesi nzima au ya hatua moja? Nauli imo? Rufaa je?

2. Ada ya wakili si ada ya mahakama. Ya mahakama huenda serikalini kwa kontroo namba, na risiti yake ipo. Nilipoanza kuomba namba hizo, maombi ya "hela ya kufungulia" yalipungua.

3. Kudai mchanganuo si utovu wa adabu. Wengi wetu tunaona haya kumuuliza msomi hesabu. Muulize kwa barua: tarehe, kazi, kiasi. Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 yenye viwango, na mkivutana ankara inaweza kupelekwa kwa msajili wa Mahakama Kuu, akapitia kipengele kimoja kimoja na kukata kilichozidi. Nilipoitaja njia hiyo, deni nililodaiwa likashuka, tukamalizana.

4. Bei ni jambo moja, nidhamu ni jingine. Wakili aliyekula fedha za mteja au kumdanganya analalamikiwa kwenye Kamati ya Mawakili, iliyowekwa na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Huko anaweza hata kusimamishwa kazi.

5. Usimwache wa zamani kabla ya kumpata mpya. Kesi ikiitwa na hayupo mtu wa upande wako, inaweza kufutwa. Wakili mpya apeleke kwanza taarifa mahakamani. Wa zamani akikalia faili, nakala za nyaraka zilizowasilishwa huombwa masjala.

6. Mpya naye mkague. Vishoka hawakosekani. Tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, uone kama anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Kisha mpime kwa swali la machimbo: shauri lako ni la ardhi au la leseni? La ardhi lina mabaraza yake. La wachimbaji wenyewe kwa wenyewe linaweza kuamuliwa na Tume ya Madini. Asiyejua tofauti hiyo atakuzungusha kwa gharama yako.

Wakili wangu wa sasa si wa bei rahisi. Lakini najua ada yake inaanzia wapi na inaishia wapi, na kesi ikiahirishwa ananieleza sababu bila kunitoza hela ya maelezo.