Kufundisha Nyenzo: Helikopta na Kopo la Mchanga

Mtoto wa Nyamongo hukua karibu na mitambo ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Kusini yake, ng'ambo ya Mto Mara, liko eneo la Serengeti, ambako helikopta hutumika katika ulinzi wa wanyamapori. Lakini tukimwuliza mtoto huyo wenzo ni nini, mara nyingi hukariri tu: egemeo, mzigo, jitihada. Maneno anayo, kazi yake haijui. Katika makala haya twaeleza namna ya kuondoa kasoro hiyo.

Wenzo wa rubani

Kushoto kwa rubani wa helikopta upo wenzo ambao akiuinua, chombo hupaa, na akiushusha, hutua. Wenzo huo huvuta vyuma vinavyobadili mwinamo wa mapanga makuu yazungukayo juu ya chombo. Katika helikopta nyingi mtambo wa haidroliki hubeba nguvu kubwa inayohitajika. Katika nyingine ndogo, mkono wa rubani huihisi nguvu hiyo.

Tuseme rubani analalamika kwamba wenzo ni mzito. Fundi hana budi kutambua kwanza uzito huo unatoka wapi, kwa maana huenda ukawa na asili mbili. Ya kwanza ni msuguano katika viungo. Huu hupimwa chombo kikiwa chini na mapanga yamesimama. Ya pili ni nguvu zinazotoka kwenye mapanga yenyewe: hewa huyasukuma, na mzunguko huyavuta yalale bapa. Hizi huonekana mapanga yakizunguka, rubani anapohisi wenzo ukitaka kupanda au kushuka wenyewe.

Katika baadhi ya helikopta, ukingo wa nyuma wa kila panga una kibati chembamba. Wenzo ukitaka kupanda wenyewe, fundi hukunja vibati hivyo kidogo kuelekea chini, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Kisha chombo hurushwa na kujaribiwa tena. Mapanga yote hukunjwa sawasawa, kwani panga moja likizidi litaruka chini ya mwenzake na chombo kitatetemeka. Fundi akikunja vibati ilhali kosa lilikuwa msuguano, atakuwa ameharibu kilicho kizima na kuacha kibovu, na anayelipa ni rubani aliye angani.

Jaribio

Vifaa: fimbo nyofu ya sentimita 110, msumari, nguzo, kitambaa, jiwe la gramu 1000, kopo, mchanga na mizani ya dukani.

1. Toboa fimbo katikati, uipachike kwenye nguzo kwa msumari. Hakikisha inalala sawa ikiwa tupu. Kisha kaza kitambaa kuzunguka msumari ili pawe na msuguano.
2. Tundika jiwe sentimita 10 kutoka kwenye msumari, na kopo sentimita 50 upande wa pili. Kabla ya kupima, kila mwanafunzi aandike makisio yake.
3. Ongeza mchanga hadi jiwe lianze kupanda; pima kopo na mchanga wake. Tuseme ni gramu 250.
4. Punguza mchanga hadi jiwe lianze kushuka, pima tena. Tuseme ni gramu 150.

Wastani wa vipimo hivyo ni gramu 200, ambao ndio wenzo wenyewe: 1000 mara 10, gawanya kwa 50. Gramu 50 zinazozidi au kupungua ni msuguano. Sasa legeza kitambaa: vipimo viwili vitakaribiana, lakini wastani utabaki pale pale. Kisha sogeza jiwe hadi sentimita 15: wastani utahamia karibu na gramu 300. Waache wanafunzi wagundue wenyewe kwamba msuguano hubadili nafasi kati ya vipimo, na mzigo hubadili wastani. Tubadili kitu kimoja tu kila mara. Tukibadili viwili pamoja, hatutajua kipi kimeleta tofauti.

Kwa mwalimu mwanafunzi

Mwanafunzi anayekosea hesabu hii naye anaweza kuwa na sababu mbili: huenda hajaelewa egemeo, au ameelewa lakini hajui kugawanya. Tukimrudishia somo la egemeo hali shida yake ni kugawanya, tunakunja kibati kisichokuwa na kosa. Mpe kwanza kazi ya fimbo isiyo na hesabu, kisha hesabu isiyo na fimbo. Ndipo utajua pa kurekebisha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini fundi hupima msuguano mapanga yakiwa yamesimama?
2. Jiwe likiwekwa sentimita 20 kutoka kwenye msumari, wastani utakuwa gramu ngapi?
3. Andaa maswali mawili yatakayokuonyesha kama mwanafunzi ameshindwa dhana au ameshindwa hesabu.