Mbio za Mgongo: Kuogelea Bila Kuona Mbele

Katika somo la leo tutaacha kidogo mpira wa miguu. Hapa Lubumbashi hata mtoto wa kalasi ya kwanza anaweza kukuambia kwamba Mazembe ilifika finali ya vilabu vya dunia mwaka 2010 na ikacheza na Inter ya Milano. Lakini ukiuliza ni Mwafrika gani aliyeshinda mbio za mgongo katika mashindano ya dunia ya kuogelea, watu wote wananyamaza. Basi tujifunze.

Ilikuwa mwezi wa Julai 2025, kule Singapore. Wanaume 8 waliingia katika maji kwa finali ya metre 100 mgongo. Sikieni vizuri: waliingia katika maji kwanza. Katika namna zingine za kuogelea mtu anasimama juu ya kibao, na akisikia alama anaruka. Katika mgongo hapana. Mwogeleaji yuko ndani ya maji tayari, mikono inashika chuma cha kibao, miguu imekunjwa ukutani, uso unaangalia ukuta. Alama ikilia anajitupa kinyumenyume. Pisini ni ya metre 50, kwa hiyo anakwenda mara moja na kurudi mara moja.

Kati yao alikuwako Pieter Coetzé, kijana wa Afrika ya Kusini aliyezaliwa Pretoria mwaka 2004. Alikuwako vilevile Thomas Ceccon wa Italia, bingwa wa Olimpiki ya Paris 2024, mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 51,60 aliyoiweka Budapest mwaka 2022. Kumshinda mtu wa namna hiyo si mchezo. Coetzé aligusa ukuta kwa sekunde 51,85. Ceccon 51,90. Wa tatu, Yohann Ndoye-Brouard wa Ufaransa, 51,92.

Sasa chukueni karatasi. Metre 100 ukigawanya kwa sekunde 51,85 unapata karibu metre 1,93 kwa kila sekunde. Kati ya wa kwanza na wa pili kuna sekunde 0,05. Zidisha 1,93 kwa 0,05: ni metre 0,0965, maana yake karibu sentimetre 10. Wa tatu yuko nyuma kwa sentimetre 13 na nusu hivi. Tazameni late yenu ya sentimetre 30. Watu watatu wameogelea metre 100, na wote watatu wanaenea ndani ya nusu ya late! Tena hakuna hata mmoja aliyekuwa anaona ukuta ule anaoukimbilia.

Hapa njo kuna ugumu wa mbio hizi. Anayekimbia kwa miguu anaona kamba ya mwisho. Wa mgongo anaona paka dari au mawingu. Basi atajua namna gani kwamba amefika? Metre 5 kabla ya kila ukuta, juu ya maji, wamefunga kamba yenye vibendera vidogo. Vibendera vikipita juu ya macho yake, anaanza kuhesabu mikono: mmoja, wa pili, wa tatu. Kila mtu ana hesabu yake, kufuatana na urefu wake na nguvu yake, na aliitafuta katika mazoezi siku nyingi. Akikosa hesabu anapiga kichwa ukutani, ao anapunguza mwendo kwa woga, na wenzake wanapita. Sentimetre 10 zinapotea hapo kwa urahisi sana.

Kwenye ukuta wa kwanza anaruhusiwa kugeukia tumbo, kuvuta mkono, kupindua mwili wote na kusukuma kwa miguu. Mbele ya mwaka 1991 haikuwa hivyo. Ilikuwa lazima aguse ukuta kwa mkono angali mgongoni, njo apinduke. Lakini mwisho wa mbio sheria ni ile ile ya zamani: uguse ukuta ukiwa umelala mgongo.

Kuna sheria nyingine ambayo ina historia tamu. Katika Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988, Mmarekani David Berkoff alikuwa akianza mbio anazama, anakwenda chini ya maji metre 30 na zaidi, miguu miwili pamoja ikipiga kama mkia wa samaki. Watu walikuwa wanajiuliza kama atatoka! Katika mchujo aliweka rekodi ya dunia, 54,51. Kwa nini chini ni upesi zaidi? Tazameni mtumbwi unaokwenda mbio: unasukuma mawimbi mbele yake, na mawimbi yale yanakula nguvu. Anayekwenda chini hatengenezi mawimbi mengi. Lakini Daichi Suzuki wa Japani alijua ufundi uleule, na katika finali akamshinda, 55,05 kwa 55,18. Baadaye chama cha dunia, FINA ya wakati ule, kikaona kwamba mbio za mgongo zinageuka kuwa mbio za kuzama. Kikaweka mpaka wa metre 10, kisha mwaka 1991 metre 15. Mpaka huo ungaliko. Mimi naona walifanya vema, ingawa ningependa kuona mbio zile za Seoul tena na tena.

Mtasema: «Miye sina pisini, mambo haya ni ya wenye mali.» Kweli, pisini ni chache. Lakini mambo ya mgongo yanatuhusu kuliko mnavyofikiri. Watu wetu wanasafiri kwa mitumbwi katika Ziwa Moero, katika Luapula, katika Lualaba, na wengi wao hawajui maji. Mtumbwi ukipinduka, mtu anainua kichwa na mikono na kupiga kelele. Kadiri anavyoinua kichwa, miguu inashuka, naye anachoka upesi. Mnakumbuka somo la Archimede. Mapafu yaliyojaa hewa yanausaidia mwili kuelea. Ukilaza kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, ukiinua tumbo na kutandaza mikono, pua na kinywa vinabaki juu, na unaweza kupumua ukingoja msaada. Waogeleaji wa Singapore walianza na jambo hilihili walipokuwa wadogo: kulala juu ya maji bila kuogopa. Lakini weye usiende Kipopo peke yako kujaribu! Ujifunze pamoja na mkubwa anayejua, mahali ambapo miguu yako inafika chini. Na ya mamba wa Lufira sina haja ya kuwaeleza.

Tena, wenye kusema Kiswahili hawakukosa katika mbio hizi. Hamdan Bayusuf wa Mombasa aliogelea metre 100 mgongo kwa jina la Kenya katika Olimpiki ya Rio, mwaka 2016. Hakupita duru ya kwanza, lakini alikuwako. Na Coetzé si bingwa wa dunia wa kwanza wa mgongo kutoka Afrika ya Kusini: mwaka 2007, kule Melbourne, Gerhard Zandberg alishinda metre 50 kwa sekunde 24,98.

Zoezi. Tafuteni Suzuki alimwacha Berkoff kwa sentimetre ngapi, mkitumia mwendo wa Suzuki katika metre 100. Je, urefu huo unaenea kwenye late moja? Pili, elezeni kwa nini vibendera vimewekwa metre 5 mbele ya ukuta na si juu ya ukuta wenyewe. Atakayeandika jibu la hesabu bila kuonyesha njia hatapata pointi.